Mzigo na Furushi

Swali liliulizwa na kijana wa darasa la kipaimara, mwishoni mwa Julai 2021, wakati michezo ya Olimpiki inaendelea Tokyo. Tulikuwa nje ya kigango chini ya mwembe, mimi kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, wao juu ya magogo. Somo lilikuwa vipaji vya Roho Mtakatifu, na tulikuwa tumefika kwenye kipaji cha nguvu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu akinyanyua chuma kizito, akakishika juu, halafu akakirudisha palepale alipokitoa, amefanya kazi gani?"

Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza wakinitazama kiunoni. Hapa Nyakahura kila mtu anajua kwamba kabla sijawa katekista nilikuwa kuli wa mizani, na kwamba nikitaka kuinuka kwenye kiti hushika kwanza goti, kisha kiti, kisha jina la Bwana.

Kwa msomaji ambaye hajapita kwetu: Nyakahura ni kata ya Biharamulo, kwenye barabara inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo. Karibu nasi kuna pori la Burigi, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Zamani magari yalipita mapori haya kwa msafara, polisi wenye bunduki wakiwa ndani, kwa sababu ya majambazi. Lami hii tunaitumia kwa baiskeli na mikungu ya ndizi, lakini sina udanganyifu kuhusu nani aliyekusudiwa ilipojengwa. Ni ya malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura. Na malori yana mizani yake.

Mizani ndiyo seminari yangu. Mgeni hudhani lori hupimwa kama gunia la maharage: linapanda, sindano inasoma, basi. Lori zima halitakiwi kuzidi tani 56, kweli, lakini kinachowaliza madereva ni ekseli. Lori linaweza kuwa chini kabisa ya kiwango kwa jumla, likakamatwa vilevile, kwa kuwa mzigo umelalia nyuma na ekseli moja inateseka kwa niaba ya nyingine. Hapo dereva haambiwi apunguze chochote, anaambiwa apange upya. Ndipo tulipoitwa sisi. Tunapanda juu, tunafungua turubai, tunahamisha saruji kutoka nyuma kwenda mbele, mfuko wa kilo 50 baada ya mfuko wa kilo 50, hatua nane au tisa, mpaka jasho linageuka tope la kijivu. Lori linarudi kwenye mizani likiwa na uzito uleule lililokuja nao, mfuko kwa mfuko, ila sasa limehesabiwa haki.

Mtakatifu Paulo angelielewa lori hilo.

Kwa hiyo swali la yule kijana halikuwa geni kwangu. Miaka kumi na mitatu nimehamisha uzito ambao haukupungua wala kuongezeka, na nililipwa. Je, ilikuwa kazi? Mke wangu anasema ilikuwa kazi kwa sababu tulikula. Wanafalsafa wangejadili kwa muda mrefu kidogo zaidi yake. Iliyonitoa kwenye ukuli haikuwa saruji hata hivyo. Ilikuwa lumbesa ya viazi. Mwenye mzigo aliniambia kilo mia. Kilemba cha lile gunia kilikuwa kimeshonewa juu kama mnara wa kanisa. Nilichuchumaa, wenzangu wawili wakanitwika, nikainuka, na kitu ndani ya kiuno kikasema neno moja tu. Nililala miezi minne. Katika miezi hiyo nilisoma Biblia yote kwa mara ya kwanza, nadhani kwa kukosa kitu kingine cha kusoma, na paroko wa wakati ule akaona mtu aliyesoma Biblia yote asipotee bure.

Turudi Julai 2021. Kwa mama lishe ninakokunywa chai kuna televisheni, na asubuhi zile wenye foleni ya mizani walikuwa wanaangalia Tokyo. Makuli, hata wastaafu, tunapenda kunyanyua vyuma kuliko mbio. Tunauelewa mchezo huo. Kuna namna mbili. Ya kwanza chuma kinanyakuliwa kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mvuto mmoja. Ya pili kinapumzishwa kwanza kifuani, kisha kinasukumwa juu. Kila namna una majaribio matatu. Mtazamaji wa kawaida huangalia mikono, kuli huangalia magoti, kwa sababu tunajua siri: chuma hakipandi sana kama unavyodhani. Kinapanda kidogo, na kabla hakijaanza kurudi mtu anajitupa chini yake. Hata gunia ni hivyo. Huliinui, unaingia chini yake, na kazi yote inayobaki ni kusimama.

Tarehe 26 Julai tulimwona mama mmoja wa Ufilipino, Hidilyn Diaz, wa kundi la kilo 55, akisukuma juu kilo 127 na kuipatia nchi yake medali ya dhahabu ya kwanza tangu ianze kwenda Olimpiki. Dereva mmoja alisoma kwenye simu kwamba korona ilipomfungia Malaysia, mama huyu alifanya mazoezi kwa kuning'iniza maji kwenye mti wa mwanzi. Wanawake pale kwa mama lishe hawakushangaa. Mmoja aliuliza kama maji hayo baadaye yalipikiwa.

Lakini aliyetuchanganya vichwa hakupanda jukwaani kabisa. Julius Ssekitoleko, Mganda wa miaka 20, ambaye 2018 aliiwakilisha nchi yake kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia, alikwenda Japani mwezi Juni 2021 na kundi la Waganda tisa. Walikaa kambini Izumisano, mkoa wa Osaka. Huko ikajulikana kwamba hakufuzu kushindana na kwamba atarudishwa nyumbani. Tarehe 16 Julai, wenzake walipokuwa wanapimwa korona, yeye hakuonekana. Hotelini aliacha kikaratasi. Kilisema kwamba maisha Uganda ni magumu, kwamba anataka kufanya kazi Japani, na kwamba vitu vyake vipelekwe kwa mkewe. Alikuwa amekata tiketi ya treni ya mwendokasi kwenda Nagoya. Siku nne baadaye alipatikana Yokkaichi, mkoa wa Mie. Tarehe 23 Julai, siku ambayo Tokyo walifungua michezo yao kwa fataki, yeye alikuwa amekwisha kutua Entebbe, na maofisa wakamchukua kumhoji.

Pale kwa mama lishe kesi iliamuliwa kabla chai haijapoa. Dereva mmoja alisema ni msaliti. Utingo wake akasema ni mshamba, mtu mzima anajifichaje siku nne tu. Mwingine, aliyewahi kuendesha Uarabuni, hakusema kitu. Aliomba chapati nyingine. Mimi nilijikuta nawaza: huyu ni kuli mwenzetu.

Kiswahili kimetusaidia kutenganisha mambo mawili. Kuna kunyanyua na kuna kubeba. Anayenyanyua anaulizwa kilo ngapi. Anayebeba anaulizwa unapeleka wapi. Mganda yule alikuwa amefundishwa kunyanyua tangu ujanani, akapimwa kwa kilo, akaonekana amepungua, basi akaamua kwenda kutafuta cha kubeba na mahali pa kukipeleka. Treni ya kwenda Nagoya ilikuwa na mahali inapokwenda. Jukwaa la Tokyo halikuwa napo, wala halikuwa lake tena.

Tofauti hiyo niliiona nikiwa na miaka 20 mimi mwenyewe. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo, watu kama laki mbili na nusu kwa muda wa siku moja hivi, wakatandaa Benaco kule Ngara mpaka kilima hakikuonekana. Nilikwenda kutafuta kibarua cha kushusha chakula. Niliona watu wamebeba mikeka, sufuria, watoto, mbuzi. Na mzee mmoja amebeba mlango kichwani. Mlango wa mbao wenye komeo. Nyumba hakuwa nayo tena, mlango alikuwa nao. Tangu utoto wangu nikiona mzigo wowote nakadiria uzito wake, ni ugonjwa wa sisi makuli. Ule mlango ni mzigo pekee ambao sikuukadiria.

Nilianza kusoma habari za wanyanyuaji kwenye simu ya binti yangu, usiku, kiuno kinapokataa kulala. Ndivyo nilivyokutana na Naim Süleymanoğlu. Mturuki aliyezaliwa Bulgaria 1967, kimo mita moja na sentimita 47, yaani angepita chini ya meza ya mama lishe bila kuinama sana. Miaka ya 1980 serikali ya Bulgaria iliwalazimisha Waturuki wake kubadili majina, na bingwa huyu akaambiwa kwamba sasa anaitwa Naum Shalamanov. Desemba 1986, kwenye mashindano ya Melbourne, aliwatoroka walinzi wake, na baadaye waziri mkuu wa Uturuki, Turgut Özal, akatuma ndege imlete. Uturuki ikailipa Bulgaria zaidi ya dola milioni moja ili akubaliwe kushindana kwa jina lake mwenyewe. Seoul 1988, katika kundi la kilo 60, alisukuma juu kilo 190, zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake. Akachukua dhahabu, na tena 1992, na tena 1996. Alipofariki 2017 akiwa na miaka 50, Uturuki ilimlilia kama inavyolilia viongozi.

Basi tuna vijana wawili, wote wanyanyuaji, wote karibu na umri wa miaka 20, wote wametoroka timu zao katika nchi ya watu. Mmoja alitumiwa ndege ya waziri mkuu. Mwingine pia alipandishwa ndege.

Nisimpake Ssekitoleko asali. Süleymanoğlu alikuwa ameshavunja rekodi za dunia kabla hajatoroka, na jina la mtu si jambo dogo. Anayekunyang'anya jina amekunyang'anya kaburi la babu yako. Tena viza ya michezo ilitolewa kwa michezo, na kijana mmoja akitoroka mlango unabanwa kwa kumi wanaokuja nyuma yake. Yule dereva aliyesema msaliti hakuwa mjinga. Hata hivyo naona ugumu. Tunakubali kwamba mtu anaweza kukimbia kwa sababu wamembadilishia jina. Tunasita kukubali kwamba anaweza kukimbia kwa sababu jina analo lakini jina haliliki. Na tunasita zaidi ikiwa hakunyanyua mara tatu ya uzito wake. Hapo ndipo mizani inaponitia shaka: nadhani tumeyapima malori haya mawili kwa jumla, hatukuangalia ekseli.

Kuna mahali Paulo anawaandikia Wagalatia, sura ya sita, panaponisumbua tangu ile miezi minne kitandani. Anawaagiza wabebeane mizigo. Aya tatu mbele, kama aliyesahau, anasema kila mmoja atajibebea wake. Niliwahi kumwuliza paroko, akasema ni fumbo, neno ambalo maparoko hulitumia wakiwa na haraka. Msaada niliupata kwa shangazi yangu wa upande wa Murgwanza, Mwanglikana, aliyenirithisha Biblia yake ya Union. Humo wafasiri hawakutumia neno moja. La kwanza ni mzigo. La pili ni furushi.

Msomi atahitaji Kigiriki hapo. Kuli hahitaji. Mzigo ni kile ambacho watu wawili wanakushika mkono ili kikae begani, na mwingine anakupokea ukifika. Hakuna aibu kusaidiwa mzigo. Aibu ni kukataa msaada ukaangusha mali ya watu. Furushi ni kile unachofunga mwenyewe ndani ya kanga usiku, ukijua nini kimo. Hatukuwahi kugusa furushi la dereva hata lori likiwa limezidi kiasi gani. Saruji tutahamisha, furushi lake liko pale kwenye kiti, na ndani kuna shati la kubadili na pengine picha.

Sasa angalia kikaratasi cha Izumisano. Kijana aliandika kwamba mzigo umemzidi: maisha ni magumu. Akaandika vilevile furushi lipelekwe kwa nani. Aliomba wenzake wambebee furushi, kitu ambacho kwa sheria ya makuli hakiombwi, na nadhani aliomba hivyo kwa sababu mzigo wenyewe hakuona mtu wa kumshikia.

Nilimpelekea wazo hili jirani yangu muuza vipuri, Mwislamu aliyetoka Ujiji, mtu anayependa mabishano kuliko biashara, na duka lake linaonyesha hivyo. Nilitaka kujua dini yake inasemaje, maana wao Siku ya Kiyama wana mizani waziwazi, sisi tuna ile moja ya mfalme Belshaza aliyeandikiwa ukutani katikati ya karamu. Akanisimulia hadithi ya Mtume kuhusu mtu atakayeletwa mbele ya watu wote. Yatafunguliwa madaftari 99 ya makosa yake, kila moja limekunjuka mpaka jicho linapoishia. Yatawekwa upande mmoja wa mizani. Kisha kitatolewa kikaratasi kimoja chenye shahada yake, kiwekwe upande wa pili. Mtu huyo mwenyewe atashangaa, kikaratasi hiki na madaftari yote yale wapi na wapi. Na madaftari yatapanda juu kama makapi.

Nilishika ukingo wa meza yake. "Kikaratasi?"

"Kikaratasi."

"Jirani, kile cha Mganda..."

"Mwalimu, simama hapo hapo," akasema. "Kile kina shahada. Hiki kina habari za begi. Usinichanganyie dini kwa sababu ya Olimpiki."

Ana haki, na sikubishana. Lakini nilirudi nyumbani nikijua jambo ambalo mizani yetu ya barabarani haiwezi kulijua: kwamba kuna mizani nyingine, kwa mapokeo yake na yangu, ambayo wepesi wa kitu hauamui kitashuka upande gani. Sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo. Katekista akienda mbali sana huitwa parokiani.

Kwa yule kijana wa kipaimara nilijaribu jibu moja. Nilimwambia Jumapili ijayo aangalie mageuzo. Padre anachukua ostia, kitu ambacho mizani ya duka la dhahabu ingekitafuta kwa shida. Anakiinua kwa mikono miwili. Kengele inalia. Watu wote wamepiga magoti. Kisha anakirudisha palepale alipokitoa. Hajakipeleka popote. Nikamwuliza kijana: amefanya kazi gani? Akafikiri, akasema, "Ameonyesha." Nikasema basi, na mnyanyua chuma naye anaonyesha, kwa dakika moja watu wanaona mwili wa binadamu umesimama chini ya kitu ambacho kilipaswa kuulaza, na wanapata pumzi. Kijana aliridhika. Nilipata hata sifa kidogo kwa paroko.

Mimi sikuridhika. Jibu hilo linamfaa Hidilyn Diaz na Süleymanoğlu, waliotazamwa. Halimfai mtu aliyenyanyua miaka yote kwenye ukumbi wa joto kwao Uganda, kisha siku ya kuonyesha akaambiwa hapana.

Kilichonisogeza mbele kidogo ni kanuni moja ya mchezo ambayo sikuijua nilipokuwa kuli. Chuma kikishafika juu, hakijahesabiwa bado. Mnyanyuaji lazima asimame, mikono imenyooka, miguu mstari mmoja, atulie. Anatetemeka, macho yanamtoka, anamtazama mwamuzi. Waamuzi ni watatu. Mpaka ishara ya kushusha itolewe, haruhusiwi kushusha. Akishusha kabla, hata kwa nukta moja, kazi yote ni bure, kana kwamba hakugusa. Nilipoisoma hiyo niliiweka simu chini. Miaka kumi na mitatu juu ya malori hakuna aliyewahi kuniambia shusha. Waliniambia pandisha, ongeza, bado mifuko ishirini. Kilichoniambia shusha ni uti wa mgongo.

Sijui kama Mungu anapima. Nimefundisha kwamba anapima, na nitaendelea kufundisha kwa sababu imeandikwa na kwa sababu watoto wa Nyakahura wasipofundishwa hivyo watafundishwa kwamba anayepima ni mwenye lori. Ila nikisali siku hizi simwoni tena kwenye kibanda cha mizani na karatasi mkononi. Namwona kwenye kile kiti cha mwamuzi, ambaye kazi yake kubwa ni kujua lini mtu ameshika vya kutosha.

Vijana wa hapa wana chuma chao nyuma ya gereji. Ni ekseli iliyochakaa, na kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Wiki iliyopita nilipita pale natoka kwa mgonjwa. Yule kijana wa kipaimara, ambaye sasa ameota ndevu na anafanya ukuli mizani, alikuwa kwenye zamu yake. Akajitupa chini ya ile ekseli vizuri kabisa, magoti yakafunguka, akasimama nayo. Wenzake walikuwa wamegeuka kutazama basi linalopita. Mikono ikaanza kutetemeka. Alikuwa hajanisalimu bado, akanitazama tu juu ya kifua chake kilichojaa pumzi, na makopo mawili ya zege yakining'inia huku na huku ya kichwa chake.

"Shusha," nikamwambia.

Ekseli ikaanguka, vumbi likapanda, basi likapiga honi kuelekea Rusumo.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.